Mataya Manne Yasiyo na Namba

Saa nne na robo asubuhi, mti uliyumba.

Hilo ndilo lililoonekana, na yule mwanamke aliyeitwa Sikujua hakuongeza neno juu yake. Kipande cha mninga, urefu wa shubiri moja, kilikuwa kimebanwa kwenye kerezo la mji, ile mashine inayouzungusha mti ili patasi iuchonge ukiwa mbioni. Mti unaozunguka sawasawa huonekana kama umesimama. Huu ulionekana kama miti miwili: mmoja wa ndani, mgumu, wa rangi ya asali, na mwingine wa nje, mwembamba kama mvuke, ambao jicho liliupenya na kuuona ukuta wa nyuma. Alisogeza uso karibu. Ndani ya ule mvuke aliiona mikono yake ikiwa imeshika patasi, kisha akaiona mikono ileile ikiwa imezeeka, haijashika kitu, kisha akauona mgongo wa mama yake ukiteremka bondeni. Aliyaona hayo. Hakuyahesabu kuwa ushahidi. Alizima mashine.

Ilikuwa saa nne na robo kwa sababu mji ulikuwa umekubali hivyo. Siku alipoangushwa yule mtawala aliyejiita Wa Kwanza, watu walipita kila mahali na tupa za kusugulia chuma wakifuta namba: kwenye milango ya nyumba, kwenye viti vya baraza, kwenye uso wa saa ya mnarani. Kuhesabu hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kutangulia. Tangu hapo mishale ya saa ilizunguka juu ya sahani tupu, wakati ukawa jambo la makubaliano, na makubaliano yalibaki palepale kwenye saa ile ya anguko. Vivuli vilirefuka na kufupika bila kumuuliza mtu. Watoto walizaliwa saa nne na robo, wakakua, wakaoa saa nne na robo, na mwenye kusema kwamba amezeeka aliulizwa kwa upole: lini?

Mlangoni mwa karakana, akiwa amefungwa mikono kwa kamba ya katani, alikaa Shomari, mdogo wake Sikujua. Shtaka lake lilikuwa kutangulia. Alikutwa kisimani akiteka maji, na hapakuwa na mtu mwingine pale. Alipojitetea kwamba alikuwa peke yake, Kaimu wa Mji alimjibu kwamba aliye peke yake ametangulia watu wote.

"Dada," Shomari aliita, "huo mti unacheza kuliko mimi harusini."

"Nyamaza."

"Nikinyamaza sasa nitasema lini? Nikishafika bondeni?"

Katika mji ule hakukuwa na hakimu, maana hakimu hukaa mbele ya wenziwe. Kulikuwa na pia, kile kichezeo cha mti kinachozungushwa kwa kamba. Ndugu wa mshitakiwa aliikereza kwenye kerezo la mji, kwa jina la mshitakiwa, kisha akaizungusha uwanjani huku shtaka likitamkwa. Ikisimama wima hadi neno la mwisho, mtu ni msafi. Ikiyumba, mtu anateremshwa bondeni, kwenye ukungu, na hakuna aliyewahi kupanda kutoka huko akaeleza kuna nini. Zamani pia nyingine zilisimama na nyingine ziliyumba, kwa kadiri ya mkono wa mtengenezaji. Tangu namba zifutwe, kila pia ilikuwa imeyumba. Ya mama yao iliyumba, na ya mke wa Kaimu iliyumba. Mji ulikuwa umeshatoa hitimisho lake, nalo lilisemwa sokoni kama watu wanavyosema habari ya mvua: watu wameharibika siku hizi.

Sikujua alikuwa mpima ardhi. Alifundishwa kwamba kosa likionekana katika kila shamba, huchunguzwa kwanza chombo cha kupimia kabla ya mashamba. Hata hilo neno, kwanza, alilitamka moyoni tu.

Fundi Makame, mtunzaji wa karakana, alikuwa amesimama kando, mikono ndani ya aproni. Alikuwa mtu mwenye huruma iliyochoka.

"Bi Mpima, usijitese," alisema. "Mti unalijua jina la mtu. Wengi nimewaona hapa, wanalia, wanabadilisha mti, wanabadilisha patasi. Mwisho wanakereza hivyohivyo."

"Umewahi kuweka mti usio na jina la mshitakiwa?"

"Mti kama huo wa nini?"

"Wa kujua."

Makame alimtazama kama mtu anayeombwa alale juu ya paa.

"Basi weka kwa jina lako," Sikujua alisema.

"Langu mimi?"

"Hujashitakiwa. Kama mti unalijua jina, wako utatulia."

Shomari alicheka. "Weka, Fundi. Ukiyumba tutateremka wote, utanionyesha njia."

Makame aliweka. Alichagua kipande cha mkangazi kikavu, akakibusu, akataja jina lake na la baba yake, akakibana, akawasha mashine. Kipande kiliyumba. Mvuke uleule ulikizunguka, mpana vilevile. Makame alizima, akakaa juu ya kigoda, rangi imemtoka.

"Kumbe na mimi," alisema taratibu. "Lakini nimefanya nini? Mimi hata foleni huwa nasubiri watu wote waondoke."

"Hujafanya kitu," Sikujua alisema. "Mninga umeyumba na mkangazi umeyumba. Jina lake limeyumba na lako limeyumba. Kwa hiyo mti na jina tunaviweka pembeni. Tunabaki na chuma."

Alikifungua kishikio. Hicho ni kipande kizito cha chuma cha mviringo kinachokazwa kwenye mhimili wa mashine, na usoni kina mataya manne yanayosogea pamoja kwenda katikati kuubana mti. Alikiweka mezani. Ukabaki mhimili mtupu, na hesi zake, ile mikato ya kukazia kishikio, ziking'aa kwa grisi. Alichukua kipande cha ubao kilichopigiliwa msumari, akakifunga mbele ya mashine hivi kwamba ncha ya msumari ilikaribia mhimili, pengo la unene wa karatasi. Akaizungusha mashine kwa mkono, polepole. Pengo halikupanuka wala kufinyika. Akazungusha tena.

Alikaa mbele ya mhimili ule kwa muda ambao mji ungeuita saa nne na robo. Kulikuwa na utulivu ndani yake ambao hakuwa ameuona katika kitu chochote cha mji wake. Chuma kilikwenda na hakikwenda. Kila nukta ya ngozi yake ilipita mbele ya msumari na kuondoka, na katikati, mahali ambapo hakuna jicho linaloweza kufika, palikuwa na mstari usio na unene, usiozunguka hata kidogo, ambao bila huo hakuna kinachoweza kuzunguka. Je, mstari huo ni sehemu ya chuma? Ukiukata mhimili ukautafuta, utakuta chuma tu. Hauna uzito. Hautawali kitu. Vyote vinaufuata, nao hauendi popote. Labda yule Wa Kwanza aliwahi kuuona mstari huu akadhani ni kiti.

Nani anayumba? alijiuliza. Si mti. Si jina. Si mhimili. Mimi? Nikisimama uwanjani na kuuona mji unayumba, nitajuaje kwamba siyumbi mimi? Nahitaji msumari. Kila mtu anahitaji msumari mmoja usiosogea. Mama hakuwa na msumari. Mama alikuwa na sisi, na sisi tuliiangalia ile pia.

"Dada, umelala?"

"Nafikiri."

"Haya. Ila fikiri kwa sauti kidogo, mwenzio nimefungwa kamba."

Alikigeuza kishikio akachungulia nyuma yake, mahali kinapokaa juu ya bega la mhimili. Humo alikuta kipande cha maranda ya mti, chembamba kama ganda la kitunguu, kimegandamizwa hadi kikawa kigumu. Alikitoa kwa kucha. Makame aliinuka.

"Ndicho hicho!" alisema. "Bi Mpima, ndicho! Kitu kidogo hivyo kinakipinda kishikio chote!"

Shomari naye alijiinua kwa magoti. Sikujua alisafisha bega kwa kitambaa, akafuta hesi, akakikaza kishikio upya hadi kikakaa chuma juu ya chuma, akasogeza msumari kwenye mwili wa kishikio, akazungusha. Pengo lilikuwa sawa pande zote. Makame alipiga makofi. Kisha walibana mti, wakawasha mashine, na mti uliyumba.

Mvuke ulikuwa umepungua kidogo. Haukuisha. Makame aliirudisha mikono yake ndani ya aproni, na Shomari alikaa tena chini. Sikujua aliona kwamba tumaini linapovunjika hufanya sauti ndogo sana, kama mtu anayeweka kikombe mezani.

"Kipande kile kilikuwa kosa," alisema. "Hakikuwa kosa lote."

Akautoa mti. Akausogeza msumari mbele zaidi, hadi kwenye ncha za mataya, akazungusha kwa mkono. Taya moja liligusa msumari, kri. Lililofuata lilipita bila kugusa. La tatu lilipita mbali. La nne likakwaruza. Mwili wa kishikio ulikuwa sawa, na mataya yaliyopanda juu yake hayakuwa sawa. Kosa lilikuwa limekamatwa kati ya vitu viwili vinavyogusana, na hapo ndipo makosa mengi hukaa.

"Mnayaingizaje haya?" aliuliza.

Makame alionekana kushangazwa na swali. "Kama kawaida. Baada ya kila pia tunayatoa, tunayachanganya kwenye ndoo, yasizoee mahali. Halafu watu wawili, mikono minne, kila mkono taya lake. Tunasema 'haya!', tunasukuma yote pamoja, halafu tunazungusha ufunguo wa kishikio. Hakuna linalotangulia."

"Na yalikuwa na namba?"

"Zamani. Tulizifuta kwa tupa. Mimi mwenyewe nilifuta." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Lile lenye namba moja nililifuta hadi likapungua."

Sikujua aliyatoa mataya yote manne na kuyalaza ubavu kwa ubavu juu ya meza, migongo imesawazishwa kwenye ukingo wa ubao. Kila taya lilikuwa na doa linalong'aa palipokuwa na namba. Chini ya kila taya kulikuwa na meno, yale yanayokaa ndani ya mfereji wa kishikio, mfereji uliojiviringa kama gamba la konokono. Ukizungushwa huyavuta mataya kwenda katikati. Aliinamisha kichwa hadi jicho likawa usawa wa meza. Meno hayakulingana. Katika taya moja jino la mbele lilikaa karibu kabisa na ncha. Katika jingine lilirudi nyuma kidogo. Katika jingine zaidi. Katika la mwisho zaidi tena. Akayapanga upya, na meno yakafanya ngazi.

"Tazama, Fundi."

Makame aliinama. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikisogea.

"Mfereji ni mmoja," Sikujua alisema, "na unaanzia mahali pamoja. Hauwezi kuyafikia yote kwa wakati mmoja. Hulikuta hili, ukizunguka robo hulikuta hili, kisha hili, kisha hili. Aliyeyatengeneza alijua. Akayachonga meno hatua kwa hatua ili, kila moja likiingia kwa zamu yake, yote yawe umbali sawa kutoka katikati. Nyinyi mnalipatia taya nafasi ya mwenzake. Kila mara moja linakuwa mbele, moja nyuma, na katikati inahama."

"Kwa hiyo namba..."

"Hazikuwa vyeo. Zilisema tu zamu ya kuingia."

Makame alijinyoosha. Alitazama mlango, akamtazama Shomari, akautazama mnara kupitia dirisha.

"Bi Mpima, ukilitia moja kabla ya mengine, hilo ni kosa lilelile la ndugu yako. Nami nikiona, natakiwa niseme."

"Najua."

"Basi mimi," Fundi Makame alisema, "natazama dirishani." Akageuka, akaushikilia mnara kwa macho kama mtu anayesubiri utikisike.

Sikujua alilichukua taya ambalo jino lake lilikaribia ncha. Lilikuwa jepesi kuliko mengine, kwa kuwa lilifutwa sana. Aliligusisha kwenye njia yake, akazungusha ufunguo, akasikia mfereji ukilikamata. Akaingiza la pili. Likakamatwa. La tatu. La nne. Kisha akaendelea kuzungusha, na mataya manne yakaanza safari kwenda katikati, yakisogea kwa mwendo mmoja, hata asingeweza tena kusema ni lipi lililoingia kabla. Yaligusana ncha kwa pamoja. Kati yao palibaki tundu dogo la mwanga lenye pembe nne.

Alilitazama lile tundu. Taya lililotangulia halikuwa limepata chochote kwa kutangulia, isipokuwa kukaa ndani na kuyangoja mengine. Usawa ambao mji uliutafuta kwa tupa ulikuwepo kweli. Ulikuwa mwisho wa njia, nao walikuwa wameudai mlangoni. Hilo lilimpa huzuni ambayo hakuitarajia, kwa sababu alielewa kwamba watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa wamemwangusha mtu aliyekaa kwenye kiti, kisha wakaogopa kila kitu kinachofanana na kiti, hata meno ya chuma.

Akabana mti. Akawasha. Mti ulisimama.

Hapakuwa na mvuke. Palikuwa na mninga, rangi ya asali, kimya, na kama si upepo mdogo alioupata mkononi asingejua kwamba unazunguka. Patasi iliingia, na maranda yakatoka marefu, yakiviringika hadi sakafuni bila kukatika. Shomari aliyapokea kwa miguu yake na hakufanya mzaha.

Uwanjani watu walisimama duara, kama walivyozoea, ili pasiwe na mbele. Kaimu wa Mji alisimama ndani ya duara. Aliitwa Kaimu kwa sababu hakukuwa na cheo kilichosalia cha yeye kukaimu. Watu wote wenye madaraka waliitwa hivyo, na hakuna aliyeuliza walishika nafasi ya nani. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzuri. Sikujua alizungusha kamba kwenye shingo ya pia, akaivuta, akaiachia juu ya jiwe.

Pia ilisimama.

Kaimu alianza kutamka shtaka kwa kasi ya kawaida. Alipofika kwenye kisima aliitazama pia, na maneno yakaanza kurefuka. Alitamka "akiteka maji" mara mbili. Alieleza ndoo. Alieleza kamba ya ndoo. Pia ilisimama kana kwamba ilichorwa juu ya jiwe, na watu wa duara, ambao walikuwa wamekwisha kugeuza miguu kuelekea bondeni, waliirudisha.

"Mheshimiwa," Shomari aliuliza kwa adabu, "neno la mwisho ni lipi? Nilisaidie."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Kaimu alitamka neno la mwisho. Pia ilikuwa bado imesimama. Ilizunguka kwa muda baada ya hapo, katika ukimya, na ilipoanza kuchoka hapakuwa na sheria iliyobaki ya kuitazama.

"Fundi," Kaimu alisema, "mataya yaliingizwa kwa mikono minne?"

"Mimi, Mheshimiwa, nilikuwa natazama dirishani."

"Unatazama nini?"

"Saa."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Nne na robo, Mheshimiwa."

Kaimu alimgeukia Sikujua. Alimwuliza swali lilelile la mikono minne. Sikujua angeweza kusema ndiyo. Shomari angekwenda nyumbani, na pia zote zijazo zingeyumba kama zilizopita. Alijipima kama angepima kiwanja, kutoka pembe hadi pembe, akaona kwamba anaogopa sana na kwamba hofu ile haibadilishi kipimo.

"Hapana," alisema. "Niliingiza moja, kisha la pili, kisha la tatu, kisha la nne. Ndiyo maana pia imesimama. Zile nyingine ziliyumbishwa na kishikio, Mheshimiwa. Mama yangu hakuwa na kosa." Alimtazama usoni. "Wala mke wako."

Duara lote lilisikika likipumua. Kaimu aliinama, akaiokota pia, akaishika kiganjani na kuigeuza taratibu, akiutafuta upande uliopinda kwa kidole gumba. Aliutafuta kwa muda mrefu kuliko shtaka lenyewe.

"Shomari ni msafi," alisema hatimaye, na sauti yake nzuri ilikuwa imepungua. "Mfungueni. Huyu amesema mwenyewe kwamba ametanguliza. Ndugu yake atamkerezea pia yake. Kwa mikono minne, Fundi."

"Naam, Mheshimiwa."

Kamba ya katani ilitolewa kwenye mikono ya Shomari, bado ina joto, ikafungwa kwenye mikono ya Sikujua. Mshitakiwa haruhusiwi kumwelekeza kazi anayemkerezea. Walipotembea kurudi karakana, Shomari aligeuka mara kwa mara kumtazama, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

"Dada, mimi hata msumari sijui kugonga," alisema.

Sikujua aliketishwa mlangoni. Askari wawili walisimama nje, migongo kwake, wakiangalia bonde. Ndani, mataya yalikuwa yameshatolewa na kuchanganywa, na Fundi Makame aliishika ndoo kwa mikono miwili. Shomari alisimama upande wa pili wa meza na kutandaza mikono yake yote miwili, viganja juu, tayari kupokea mataya mawili.

Makame hakumpa. Aliimimina ndoo juu ya meza. Akayalaza mataya ubavu kwa ubavu, akayasawazisha kwenye ukingo wa ubao, akainama hadi jicho lake likawa usawa wa meza. Alihamisha moja. Akahamisha jingine. Kisha akalichukua taya jepesi kuliko yote, lile alilolifuta mwenyewe kwa tupa, akaliweka kwenye kiganja cha kulia cha Shomari, na kile cha kushoto akakikunja kwa upole na kukishusha.

"Tia hili," alisema. "Mengine yangoje."

Shomari alilitia. Makame alizungusha ufunguo, na taya likakamatwa.